Jina lako kwenye vikoa vipya: mwongozo wa kulinda alama ya biashara, kuanzia cheti hadi shauri

Mtu amefungua biashara, amepata cheti, kisha anakuta jina lake liko kwenye .shop na si yeye aliyelisajili. Anauliza: nani aliruhusu? Hakuna aliyeombwa ruhusa. Majina ya vikoa hupewa anayewahi, na wakala anayeyauza hakagui alama za biashara za watu kabla ya kupokea pesa. Kinga zipo, ila zote humngoja mwenye alama azianzishe mwenyewe, na baadhi zina siku za mwisho zisizosogezwa.

Istilahi kwanza, ili tusipotezane. Kikoa ni anwani nzima ya tovuti, mfano pwanitamu.shop. Kiishio ni kile kinachokaa baada ya nukta ya mwisho: .com, .africa, .tz. Msimamizi wa kiishio ndiye anayetunza rejista yake. Wakala wa usajili ndiye anayekuuzia jina. Juu yao wote, kwa viishio visivyo vya nchi, kuna ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998. Lilipofungua dirisha la maombi ya viishio vipya mwaka 2012 lilipokea maombi 1,930, na zaidi ya viishio 1,200 vimeingia kwenye mtandao tangu Oktoba 2013. Dirisha la duru inayofuata lilipangwa kuwa kati ya 30 Aprili na 12 Agosti 2026, kwa hiyo viishio vingine vinakuja. Nadharia inatosha.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Cheti cha alama ya biashara (si cha jina la biashara; tazama hatua ya 1), pamoja na namba, tarehe ya maombi, tarehe ya usajili na madaraja ya bidhaa au huduma.
- Ushahidi wa matumizi: picha ya kifungashio, lebo, kipeperushi au ukurasa wa mauzo unaoonyesha alama ikiwa sokoni.
- Orodha ya vikoa vyote ulivyo navyo, wakala wa kila kimoja, tarehe ya kuisha, na baruapepe iliyosajiliwa nacho.
- Baruapepe isiyotegemea kikoa unachokilinda. Kikoa kikiisha, baruapepe yake huzimika nacho, na ujumbe wa kukuokoa unatumwa mahali usipoweza kuufungua.
- Fedha: takriban dola 150 kwa mwaka kwa kila alama kwenye hifadhi ya alama (hatua ya 3), na akiba ya dola 1,500 endapo shauri litahitajika.

Hatua ya 1: Hakikisha ulicho nacho ni alama ya biashara

Hapa ndipo wengi hukwama, na lugha yenyewe inachangia. Jina la biashara na alama ya biashara yanasikika kama ndugu, lakini kisheria ni vitu viwili. Tanzania Bara, BRELA hutoa vyote viwili, kwa vyeti tofauti. Kenya, jina la biashara ni kazi ya BRS na alama ni kazi ya KIPI. Uganda utakwenda URSB. Zanzibar ina rejista yake chini ya BPRA, na alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haivuki bahari. Anayeuza pande zote mbili anasajili mara mbili.

Soma pia tarehe. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Alama iliyoisha muda haikusaidii popote katika hatua zinazofuata.

Kama bado hujasajili, sajili neno lenyewe, si nembo peke yake. Kikoa hakina rangi wala mchoro. Kinalinganishwa na herufi. Na neno liwe na upekee. KAHAWA BORA kwa ajili ya kahawa ni maelezo ya bidhaa, na kila muuza kahawa ana haki ya kuyatumia. Tuseme umechagua PWANITAMU kwa viungo. Hilo lina meno. Tutalitumia kama mfano hadi mwisho.

Hatua ya 2: Sajili vikoa vyako vya msingi, kisha acha

Usinunue viishio vyote. Hata kampuni kubwa hazifanyi hivyo, maana ada hujirudia kila mwaka. Chukua .com ikiwa wazi, kiishio cha nchi unakouza, .africa kama soko lako linavuka mipaka, na kimoja au viwili vinavyogusa bidhaa yako moja kwa moja. Ongeza kosa moja la tahajia ambalo wateja hulifanya kweli. Inatosha.

Sajili kwa jina la kampuni, si la kijana aliyekutengenezea tovuti. Washa uhuishaji wa moja kwa moja, washa kufuli la uhamisho, na weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya wakala. Vikoa vingi vinavyodaiwa vimeibwa viliachwa tu vikaisha muda.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye Trademark Clearinghouse

Hii ndiyo hifadhi kuu ya alama kwa viishio vipya, ilifunguliwa Machi 2013 na hujulikana kwa herufi TMCH. Unaweza kuwasilisha mwenyewe au kupitia wakala wa TMCH.

a) Andika jina la mmiliki kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. “Ltd” ikiwa “Limited” kwenye cheti, andika Limited.

b) Andika alama kama ilivyosajiliwa. Kama ina nafasi, mfano PWANI TAMU, mfumo utakupa maumbo yanayolingana: pwanitamu na pwani-tamu. Yachague yote mawili.

c) Pakia ushahidi wa matumizi: tamko lililosainiwa na sampuli moja. Unaweza kuruka sehemu hii, lakini ukiiruka unapoteza haki ya hatua ya 4 na kubaki na taarifa za hatua ya 5 pekee.

d) Ukikubaliwa, pakua faili la SMD, uthibitisho wa kidijitali wa alama yako. Ndilo ufunguo wako. Lihifadhi mahali pawili.

Maombi ya alama ambayo bado hayajasajiliwa hayapokelewi. Ndiyo maana hatua ya 1 haisubiri habari za kiishio kipya: usajili wa alama huchukua miezi, na dirisha la kiishio huchukua wiki.

Hatua ya 4: Tumia kipindi cha kipaumbele

Kila kiishio kipya lazima kifungue kipindi cha kipaumbele kwa wenye alama kabla ya kuuzia umma. Kwa Kiingereza wanakiita Sunrise. Kuna aina mbili. Ya kwanza hudumu siku 30 au zaidi, hutangazwa siku 30 kabla, na anayetangulia ndiye anayepata. Ya pili hudumu siku 60 au zaidi bila tangazo la awali. Maombi hukusanywa, na wakigongana wawili, msimamizi hufuata utaratibu aliouchapisha, mara nyingi mnada.

Mpe wakala faili la SMD na jina unalotaka. Jina lazima lilingane kabisa na alama. SMD ya PWANITAMU haikupi pwanitamuviungo.

Angalia bei kwanza. ICANN haipangi bei za kipindi hiki. Kiishio cha .sucks kilipozinduliwa mwaka 2015, bei ya kipaumbele ilikuwa dola 2,499 kwa mwaka, na malalamiko ya wenye alama hayakuizuia. Ukiona bei ya namna hiyo, jiulize kama shauri moja baadaye lisingekuwa nafuu. Mara nyingi ni nafuu.

Hatua ya 5: Soma taarifa za Claims, na chunguza mwenyewe

Kwa angalau siku 90 tangu kiishio kifunguliwe kwa umma, anayejaribu kusajili jina linalolingana na alama iliyoko TMCH huonyeshwa onyo, ambalo kwa Kiingereza huitwa Claims. Akiendelea, wewe unaarifiwa. Onyo halimzuii. Thamani yake iko kwenye ushahidi: huyo hawezi tena kudai hakuwahi kusikia kuhusu alama yako.

Taarifa hizo hazioni makosa ya tahajia wala jina lililoongezwa neno. Pwanitam, pwanitamu-malipo na pwanitamushop zitapita kimya. Weka utaratibu wa kila mwezi: tafuta jina lako kwenye kumbukumbu za wazi za vyeti vya usalama vya tovuti, na kila unachokitilia shaka kikague kwenye lookup.icann.org, ambako utaona wakala na tarehe ya usajili. Jina la mmiliki kwa kawaida limefichwa tangu 2018, sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza kutumika. Usihangaike nalo, halihitajiki kufungua shauri.

Hatua ya 6: Ukikuta kikoa kibaya, kusanya kabla ya kusema

Kosa la kawaida ni kumwandikia mmiliki kwa hasira siku ile ile. Kabla shauri halijafunguliwa kikoa hakijafungwa, na anaweza kukihamisha au kufuta ukurasa usiku mmoja. Fanya hivi kwanza:

1. Piga picha za skrini za kurasa zote, anwani na tarehe zikionekana.
2. Hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya wazi ya kurasa za zamani za mtandao, na uangalie uliwahi kuonyesha nini.
3. Nakili rekodi ya usajili: tarehe ya kuundwa, wakala, na seva za majina.
4. Kagua kama kikoa kina rekodi za MX. Zikiwepo, kinaweza kupokea baruapepe, na hatari ya ankara za uongo kwa wateja wako inapanda.
5. Weka kando ujumbe wowote uliotumiwa wa kukuuzia jina, pamoja na bei iliyotajwa.

Kama ukurasa unaiba nywila au fedha za watu, usingoje shauri. Uripoti kwa wakala wa usajili kupitia anwani yake ya malalamiko ya matumizi mabaya, ukiambatanisha ushahidi. Tangu Aprili 2024 mikataba ya ICANN inawalazimu mawakala na wasimamizi wa viishio visivyo vya nchi kuchukua hatua dhidi ya utapeli wa aina hiyo wakipewa ushahidi wa kutosha. Mgogoro wa alama peke yake haumo humo. Ukiripoti “wanatumia jina langu” bila utapeli, utajibiwa uende kwenye shauri.

Hatua ya 7: Chagua njia moja

*URS*, njia ya haraka ya kusimamisha kikoa, ilibuniwa kwa ajili ya viishio vipya. Ada ni takriban dola 375, maelezo yako hayazidi maneno 500, na mlalamikiwa ana siku 14 za kujibu. Ni ya haraka, lakini ina mipaka miwili. Ushahidi lazima uwe wazi na wa kushawishi, kiasi kwamba pasibaki hoja ya kubishania. Na ukishinda, kikoa husimamishwa tu hadi muda wake uishe (unaweza kulipia mwaka mmoja zaidi); hakiwi chako.

*UDRP*, utaratibu wa kuamua migogoro ya vikoa nje ya mahakama, upo tangu 1999 na unahusu .com, .africa na viishio vyote vilivyo chini ya mkataba wa ICANN. Kwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ada ni dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja na kikoa kimoja hadi vitano, au dola 4,000 kwa waamuzi watatu. Ukishinda unapewa kikoa, au kinafutwa. Hakuna fidia.

*Viishio vya nchi* kama .tz na .ke vina kanuni zao. Soma sera ya migogoro ya msimamizi wa kiishio husika kabla ya kuandika neno. Baadhi ya viishio vya nchi vinavyouzwa kimataifa, kama .co, .me na .tv, vinatumia UDRP.

Ushauri wetu: ukikihitaji kikoa chenyewe, au kuna chembe ya ubishi, nenda UDRP. URS inafaa kwa kikoa cha utapeli ulio wazi ambacho hukitaki, unataka tu kizimwe.

Hatua ya 8: Andika malalamiko ya UDRP

Hii ndiyo kazi yenyewe. Pakua fomu ya mfano ya WIPO. Maelezo ya hoja yasizidi maneno 5,000, lakini malalamiko mazuri huwa mafupi zaidi. Lazima uthibitishe mambo matatu yote. Mawili hayatoshi.

*Kwanza, kikoa kinafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya.* Ambatanisha cheti. Kiishio kwa kawaida hupuuzwa katika ulinganisho: pwanitamu.shop inasomwa kama pwanitamu. Hapa aya moja inatosha; wanaoandika kurasa tano wanapoteza nguvu wanayoihitaji chini.

*Pili, mmiliki hana haki wala maslahi halali.* Onyesha kwamba hukumpa leseni, hajulikani kwa jina hilo, na hafanyi biashara ya kweli nalo. Tahadhari na wauzaji wa bidhaa zako halisi. Tangu uamuzi wa Oki Data wa 2001, muuzaji anaweza kuwa na maslahi halali ikiwa anauza kweli bidhaa hizo, hauzi za washindani kwenye tovuti hiyo, anatangaza wazi uhusiano wake nawe, na hajajikusanyia vikoa vyote vyenye alama yako. Pima masharti hayo manne, kisha onyesha ni lipi amelivunja. Kukaa kimya kuhusu kwamba alikuwa mteja wako ni njia ya haraka ya kushindwa.

*Tatu, kilisajiliwa na kinatumiwa kwa nia mbaya.* Vyote viwili, kusajiliwa na kutumiwa. Sera inataja mifano: kusajili ili akuuzie kwa bei inayozidi gharama zake, kukuzuia usilipate jina lako akiwa na mazoea ya kufanya hivyo, kuvuruga biashara ya mshindani, au kuvutia wateja kwa kuwachanganya. Ukurasa mtupu si kinga yake. Uamuzi wa Telstra wa mwaka 2000 ulikubali kwamba hata kukalia kikoa bila kukitumia kunaweza kuwa nia mbaya, kutegemea umaarufu wa alama na mazingira yote. Alama changa isiyojulikana nje ya wilaya moja haitabebwa na hoja hiyo peke yake. Leta ushahidi wa sifa: mauzo, matangazo, habari za magazeti, vyote vikiwa na tarehe za *kabla* ya kikoa kusajiliwa.

Makosa yanayorudisha malalamiko nyuma:

- Kusahau kifungu cha kukubali mamlaka ya mahakama, ama ya makao makuu ya wakala au ya anwani ya mlalamikiwa. Lazima uchague.
- Lugha. Shauri huendeshwa kwa lugha ya mkataba wa usajili, isipokuwa jopo la waamuzi liamue vingine.
- Viambatisho visivyo na namba, au kiungo cha tovuti badala ya nakala yake.
- Kutoa malalamiko kwa jina la mkurugenzi ilhali alama ni ya kampuni.

Ukikosea umbo, unapewa siku 5 za kalenda kurekebisha.

Hatua ya 9: Kuanzia kuwasilisha hadi kukabidhiwa

WIPO ikimwandikia wakala, wakala ana siku 2 za kazi kufunga kikoa na kutoa jina la mmiliki halisi. Likitofautiana na uliloandika, utaalikwa kurekebisha. Mlalamikiwa anapewa siku 20 za kujibu. Jopo likishateuliwa, uamuzi unatarajiwa ndani ya siku 14. Kwa jumla hesabu miezi miwili hivi.

Uamuzi ukitoka, wakala husubiri siku 10 za kazi kabla ya kuutekeleza, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kwenda mahakamani. Fungua akaunti kwa wakala huyo mapema ili kikoa kiwe na pa kuingia. Mkipatana kabla jopo halijateuliwa, WIPO hurudisha dola 1,000 kati ya 1,500.

Kama jina lako linataka kugeuzwa kiishio chenyewe

Hapo ngazi ni nyingine. Mtu akiomba .pwanitamu, mwenye alama anaweza kuweka pingamizi la haki za kisheria ndani ya muda uliotangazwa. Usilitegemee kupita kiasi: mengi ya duru ya 2012 yalishindwa, hasa pale neno lilipokuwa la kawaida lenye maana yake kamusini. Kuomba kiishio mwenyewe kunaanzia dola 227,000 katika duru mpya (zilikuwa 185,000 mwaka 2012).

Na alama si kila kitu huko juu. Kampuni ya Amazon ilikuwa na alama zake kila mahali, lakini Brazil na Peru zilipinga .amazon kwa ajili ya mto na watu wake, na maombi ya 2012 yalifika mwisho 2020 tu. Kwa .africa, kanuni zilidai uungwaji mkono wa angalau asilimia 60 ya serikali za bara. Waombaji wawili waligombana hadi mahakamani, na kiishio kikaanza kazi 2017 chini ya msimamizi wa Afrika Kusini aliyebebwa na Umoja wa Afrika.

Mambo yanapokwama

*TMCH imekataa alama.* Mara nyingi ni jina la mmiliki lisilolingana na cheti, au nembo ambayo maneno yake hayasomeki bila mchoro. Rekebisha la kwanza. Kwa la pili, sajili neno.

*Nimepata onyo la Claims nikisajili jina langu mwenyewe.* Soma alama iliyotajwa na madaraja yake. Kama ni ya matairi nawe unauza viungo, si marufuku kuendelea. Weka nakala ya onyo na ya sababu zako.

*Kikoa kilisajiliwa kabla ya alama yangu.* Kwa kawaida shauri litakufa kwenye kipengele cha tatu, maana huwezi kulenga alama isiyokuwepo. Ukilazimisha, jopo linaweza kutamka hadharani kwamba ulijaribu kupora kikoa, na uamuzi huo hubaki mtandaoni. Nunua, au badili jina.

*Anadai dola 5,000, nimlipe?* Linganisha na 1,500 za WIPO na miezi miwili. Ukiamua kununua, tumia huduma ya amana, yaani mtu wa tatu anayeshika pesa hadi kikoa kikabidhiwe. Usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua.

*Kikoa changu kimeisha.* Vingi vina muda wa neema usiozidi siku 45 (baadhi ya mawakala hutoa pungufu), kisha siku 30 za ukombozi kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 ambazo hakuna anayeweza kukigusa, halafu kinarudi sokoni. Piga simu leo.

*Mtengeneza tovuti kakisajili kwa jina lake na hataki kukiachia.* Majopo mengi huona huo ni mgogoro wa mkataba na hukataa kuuamua. Tafuta ankara na ujumbe unaoonyesha alikisajili kwa niaba yako. Kama zipo, jaribu barua ya wakili kwanza, kisha mahakama.

*Nimeshinda lakini wakala hahamishi.* Ngoja siku 10 za kazi ziishe, mwandikie ukiambatanisha uamuzi, kisha lalamika kwa kitengo cha ICANN cha utekelezaji wa mikataba. Fomu iko kwenye tovuti yao na haina ada.